Sakafu ya banda la mbwa la nje: zege, kokoto au uache udongo tu?

Ukimwita fundi akujengee banda la mbwa atakuuliza mbao, bati, wavu, mlango uelekee wapi, na wewe utamjibu vizuri kabisa, afu ukimuuliza na chini je anakwambia "chini tutamwaga kazege kidogo boss". Hapo ndo panapoharibika. Bati likivuja unalibadilisha Jumamosi moja yameisha, ila sakafu mbwa anailalia, anaikojolea, anailamba, na ukishaikosea kuivunja ni shughuli kuliko kuijenga. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simenti jiulize swali moja tu: mkojo wa huyu mbwa utaenda wapi? Ukilijibu hilo kwa uhakika, nusu ya uamuzi wa zege au kokoto au udongo umeshafanyika.

Naongelea zaidi Dar na pwani yetu, mana ndo ninakokujua, joto mwaka mzima, unyevunyevu, masika ya Machi mpaka Mei yanayogeuza uwanja kuwa bwawa, na kupe ambao hawana likizo. Mlioko Iringa na Njombe joto sio kesi kwenu ila baridi ya sakafu ndo kesi, nitaigusa huko mbele.

Anza na ardhi yako mwenyewe. Chimba shimo la futi moja na nusu hivi pale unapotaka kuweka banda, lijaze maji, yaache yanywee, jaza tena mara ya pili afu angalia. Kama baada ya masaa machache yamekauka una ardhi inayonyonya, watu wa Kigamboni na Mbagala kwenye mchanga mnajua raha yake. Kama umelala umeamka maji bado yapo yanakuangalia, sahau habari ya kokoto peke yake au udongo, mkojo utakaa humo humo na harufu utaisikia mpaka sebuleni. Na fanya hilo jaribio wakati wa mvua ukiweza, kiangazi kila ardhi inaonekana nzuri. Huku kwenye milima ya Goba na Kimara tatizo ni lingine, maji hayasimami bali yanakimbia, mvua moja kubwa inabeba kila kitu ulichomwaga na kukipeleka kwa jirani wa chini.

Sasa udongo mtupu. Wengi tumekulia kwenye nyumba ambazo mbwa analala chini ya mwembe na maisha yanaenda, ni kweli, lakini yule mbwa alikuwa anazurura uwanja mzima, hakojoi sehemu moja. Ukimfungia kwenye eneo la mita tatu kwa nne mambo yanabadilika kabisa, mavi na mkojo vinarudia palepale kila siku na udongo hauoshwi. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa yakiangukia kwenye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli yanaanguliwa, na ndani ya wiki hivi vile viluwiluwi viko tayari kuingia kupitia ngozi, ya mbwa au ya mtoto wako anayepita peku, kwa binadamu unaona mstari mwekundu unaojikunja kunja mguuni na unawasha usiku kucha. Udongo mkavu wenye vumbi nao una funza, wanaingia kwenye nyayo na katikati ya vidole, mbwa anaanza kuchechemea unadhani kachomwa na mwiba.

Afu kuna parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuharisha damu. Hii niiseme taratibu. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka, kwa hiyo kama ulishapoteza watoto wa mbwa kwa kuharisha damu kwenye uwanja huo, usilete katoto ka mbwa kengine hapo kwenye udongo uleule hata kama umefagia na kuchoma takataka zote. Kachanjwe kwanza chanjo zote, na kakae kwenye sakafu inayoweza kuoshwa na jiki. Udongo huwezi kuuosha na jiki, dawa inamezwa na uchafu kabla haijafanya kazi.

Nyasi? Ukoka ni mzuri sana kwa macho na kwa nyayo, mimi naupenda, ila kwa eneo la kuchezea kubwa, sio kwa banda dogo. Mkojo wa mbwa una naitrojeni nyingi na nyasi zinaungua madoa madoa ya njano, hayo tu ungeyavumilia, lakini mbwa mwenyewe akiona mtu getini anakimbia pembeni ya wavu kwenda na kurudi na hiyo njia yake ndani ya mwezi ni tope. Kama una eneo kubwa weka ukoka katikati na ile njia yake ya pembeni ya wavu uiwekee kokoto tangu mwanzo, utakuwa umemaliza ugomvi. Na nyasi zikatwe fupi, nyasi ndefu ni kituo cha kupe.

Kokoto. Hapa watu wanakosea saizi. Ile kokoto ya robo tatu ya inchi wanayomwagia nguzo na slabu ni kubwa na ina ncha kali kwa sababu imepasuliwa na mashine, mbwa mzito kama Boerboel au German Shepherd anaitembea kama wewe ukitembea peku kwenye makombe ufukweni, atakuwa anachagua pa kukanyaga na mwishowe anasimama tu kwenye kona moja. Tafuta ndogo, nusu inchi kushuka chini, na ukipata changarawe ya mtoni iliyokuwa mviringo chukua hiyo kwanza. Mwaga unene wa sentimita 10 mpaka 15, chini yake kusiwe na nailoni, narudia kusiwe na nailoni, mana watu wanatandika nailoni eti kuzuia majani na matokeo yake wanatengeneza beseni la mkojo. Kama majani yanakusumbua chimba, shindilia, weka tabaka la mawe makubwa kidogo chini afu kokoto ndogo juu.

Uzuri wa kokoto ni kwamba mvua inakusafishia, mkojo unashuka, nyayo hazichafuki na kucha zinasagika zenyewe. Ubaya ni kwamba kinyesi lazima ukiokote kila siku, kikikaa kikilainika kinaingia katikati ya mawe na hapo huwezi tena, na kila baada ya muda inabidi utoe tabaka la juu ulioshe au ubadilishe. Na watoto wa mbwa msiwaweke humo kabisa, wanameza mawe hawa, kokoto ikikwama utumboni ni operesheni, na sio kila mji una daktari wa mifugo wa kufanya hiyo operesheni usiku.

Hapo kati kuna hawa wa pevingi, au kabro kama wanavyoita Wakenya. Zinapendeza kweli na fundi anazipanga siku moja, na kwa parking ya gari mimi sina neno. Ila chukua tochi usiku piga magoti uangalie zile nafasi katikati ya bloku na bloku kwenye nyumba yenye mbwa. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, muda wake mwingi hakai kwenye mbwa. Jike akishashiba damu amevimba kama punje ya kunde anaanguka chini, anatafuta ufa, anajibana humo na kutaga mayai kwa maelfu, karundo ka mayai ya kahawia kanang'aa hivi, na wakianguliwa wanakaa kwenye ufa wakisubiri mbwa alale juu yao. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo ukimuogesha mbwa dawa kila wiki na sakafu ina nyufa mia mbili unatwanga maji kwenye kinu, kupe wanapanda tena na homa ya kupe inarudi, fizi zinakuwa nyeupe, chakula hagusi. Sakafu yoyote utakayochagua ihukumu kwa nyufa zake, na sio sakafu tu, ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta nao ni uleule. Kama pevingi umeshaweka basi nafasi zote zijazwe mota ya simenti mpaka juu.

Ndo mana kwa sehemu anayolala na kula mbwa mimi niko upande wa zege, zege la maana sio "kazege". Tuseme banda lako ni mita 3 kwa 4, unene wa sentimita 10, hiyo ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa moja mbili nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne (hapa ile robo tatu ndo mahali pake), itakula kama mifuko 8 ya kilo 50. Kila mfuko mmoja unaenda na ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto, maji kama lita 25, yakizidi sana zege linakuwa rahisi kumwaga lakini likikauka linachubuka unga juu. Simama hapo uhesabu ndoo, vijana wakiachiwa koleo bila ndoo mchanga unaongezeka na mfuko mmoja unapotea, sisemi zaidi. Mchanga uwe wa mtoni, usikubali wa baharini wenye chumvi hasa kama unaweka wavu wa chuma au nondo ndani.

Chini ya zege ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza moramu (ule udongo mgumu wenye changarawe), mwagia maji, shindilia mpaka kisigino hakizami. Wenye ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, Dodoma, Shinyanga, kule Kitengela Kenya pia, msicheze, chimbeni mtoe wa kutosha mrudishie moramu na mtie wavu wa chuma wa BRC, bila hivyo mwaka wa pili zege lina mpasuko unaopitisha kidole na kupe wako wamepata nyumba mpya.

Mwinuko sasa, na hapa ndo lile swali la mkojo linajibiwa. Kila mita moja ishuke sentimita 2, kwa hiyo kwenye urefu wa mita 4 upande wa juu na wa chini vipishane sentimita 8. Mwambie fundi atumie paipu ya maji kupima, asikadirie kwa jicho. Mwinuko uelekee nje ya banda, kinyume na anapolala, na mwishoni kuwe na kamfereji ka wazi kaliko laini, sio bomba la kufunikwa, bomba linazibwa na manyoya na huoni. Zege likiwa bado bichi lakini limeanza kushika mwambie apitishe ufagio mgumu kufuata mteremko, ipatikane mikwaruzo midogo inayoelekeza maji chini. Hapo fundi atakubishia. Yeye anataka kupiga nili, ile simenti tupu ya kulainisha juu, sakafu ing'ae, ndo sifa ya kazi yake. Mkatalie kwa heshima. Nili ikilowa mbwa anateleza, miguu ya nyuma inaachana, na kwa hizi mbegu kubwa zenye matatizo ya nyonga kama German Shepherd unamharibia mifupa angali mdogo. Marumaru ni hivyohivyo au zaidi. Upande wa pili mikwaruzo nayo isiwe mirefu kama matuta ya viazi, mavi yataganda humo na nyayo zitachubuka, unataka kitu ukipitisha kiganja unakisikia tu.

Siku saba linyeshewe asubuhi na jioni na lifunikwe viroba vilivyolowa, na hizo siku zote mbwa asikanyage, simenti mbichi inachoma nyayo na akijilamba inamchoma mdomo. Kisha mwaga ndoo moja ya maji upande wa juu ukae pembeni uangalie. Yakishuka yote bila kusimama, lipa hela ya watu. Kukiwa na dimbwi, hata dogo kama sahani, arudie hapo kabla hajaondoka kwa sababu kila siku utakuwa unalifagia wewe.

Zege lina lawama zake. Ni gumu, mbwa mkubwa akililalia anaota sugu kwenye viwiko na wakati mwingine viwiko vinavimba maji, na usiku wa Njombe mwezi wa saba linakuwa barafu. Dawa ni kichanja. Mbao zilizoinuliwa kama sentimita 15 kutoka chini, ziwe zinabebeka uzitoe nje jua lizipige na ufagie chini yake, nafasi kati ya mbao na mbao iwe ndogo mguu wa mbwa usizame. Paleti za mizigo zinafaa ila angalia misumari na usichukue iliyomwagikiwa kemikali, ukiinusa ukasikia kitu chochote iache hapo hapo. Sehemu za baridi ongeza gunia au nyasi kavu juu na uzibadilishe zikilowa. Pwani mbao tupu inatosha, kuna mbwa ataiacha kabisa mchana akalale kwenye zege lililo kivulini kwa sababu linampoza tumbo, mwache.

Kivuli kisisahaulike. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye sakafu saa nane mchana uhesabu mpaka saba polepole, ukishindwa kuvumilia basi na nyayo za mbwa zinaungua. Pevingi nyeusi na nyasi bandia ndo mbaya kuliko zote, yale makapeti ya nyasi za plastiki yanauzwa sana sasa hivi, kwenye jua la Dar hayakaliki na mkojo unakaa chini yake unachacha. Jua baya ni la alasiri, kwa hiyo ukiweza banda liwe upande wa mashariki wa nyumba au ukuta, ukuta ukukingie magharibi. Mkungu au mwembe juu yake ni bonasi, ila majani na maembe yaliyooza utafagia wewe.

Kuosha. Zege linataka maji, na kama mtaani kwenu maji ni ya kungojea mgao hesabu hilo kabla. Okota kinyesi kwanza kikavu, usikisambaze na mpira wa maji. Mwagia maji mkojo utoke, sugua na sabuni, suuza, ndipo uweke jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 20 mpaka 30 vya maji, iache dakika kumi, suuza tena, ikauke ndo mbwa arudi. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, ile amonia ya mkojo ikikutana na klorini inatoa gesi inayobana kifua, yako na ya mbwa. Na jiki juu ya uchafu haiui kitu, unapoteza hela tu. Wale wa kumwaga oili chafu ya gari kuzuia kupe naomba muache, mbwa anailamba, inapita kwenye ngozi, na mvua inaipeleka kisimani. Kupe mtafute daktari wa mifugo akupe dawa ya mbwa na ya kupulizia nyufa kwa pamoja, moja bila nyingine haifiki mbali.

Kwenye kutandika, maranda ya mbao na pumba za mpunga watu wanatumia kunyonya mkojo, sawa kwa muda mfupi kwa mama mwenye watoto, lakini yakilowa toa siku hiyohiyo. Maganda ya kakao ndugu zangu wa Kyela msitandike, yana kile kitu kilekile cha chokoleti kinachoua mbwa.

Na yale maji machafu yanakoishia. Chimba shimo la kunyonya, mita moja kwenda chini hivi, lijaze mawe, liwe mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba. Sehemu kama Mikocheni ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji shimo halitakusaidia, peleka kwenye mfumo wa chemba ya nyumba. Maji yasielekee bustani ya mchicha. Na yasielekee kwa jirani, hii naisisitiza, huku kwetu mtaa mmoja una kila dini na jirani yako akitoka kwenda msikitini alfajiri akakanyaga maji ya banda la mbwa inabidi arudi akajitwaharishe upya, mara ya pili unaitwa kwa mjumbe na utakuwa huna cha kujitetea.

Ukiniuliza mimi ningefanyaje na kiwanja cha kawaida, ningemwaga zege theluthi moja ya eneo, lenye paa, kichanja na vyombo vya chakula, na theluthi mbili zilizobaki kokoto ndogo au ukoka kutegemea lile shimo la majaribio limesema nini. Mbwa wengi wanapenda kulala pakavu na kujisaidia mbali na wanapolala, ukiwapa sakafu mbili wanajigawia wenyewe, na wewe unaosha sehemu ndogo kila siku badala ya yote. Ukiwa na watoto wadogo wa mbwa wafungie upande wa zege mpaka wamalize chanjo. Bajeti ikiwa ndogo anza na hiyo theluthi ya zege, kokoto utaongeza mwezi ujao, zenyewe haziozi.

Kazi hii ifanye Juni mpaka Septemba, masika yameshapita na vuli bado. Na pale zege linapoishia na kokoto kuanza, na pembeni yote chini ya wavu, mwambie fundi ashushe msingi mdogo wa futi moja au azike wavu kuelekea ndani, kwa sababu mbwa akishagundua kokoto zinachimbika atachimba usiku mmoja tu, na asubuhi utamkuta kwenye kuku wa watu.